Chumba Kisicho na Salamu

Mgonjwa akiletwa kwenu akicheka, msimrudishie kicheko mpaka mmeyatazama macho yake. Mimi nilimrudishia, tena nikamtania. Haya ninayowaandikia, wajukuu zangu mnaosomea uuguzi, yanaanzia kwenye kicheko hicho, na nawaambia mapema kwamba mpaka leo, nikiwa mzee wa kushikwa mkono ngazini, sijayaelewa yote. Mkitaka mzee anayejua kila kitu mtafuteni mwingine. Wako wengi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, nami kijana wa ndevu za kuhesabu. Nilikuwa dresa katika hospitali ndogo kati ya Msambweni na Ramisi. Jina lake naliacha, kwa kuwa wengi tuliokuwa nao wametangulia mbele ya haki na hawawezi kujitetea. Dresa ndiye aliyekuwa muuguzi wa siku hizo. Anaosha vidonda, anachoma sindano, anamwogesha mgonjwa, anamlisha, na akifa anamfunga taya. Daktari alikuwa Mzungu, akija kutoka Mombasa kila Alhamisi, kivuko kikiwa kizima. Siku sita zilizobaki tulikuwa sisi na Mungu.

Asubuhi hiyo lori la miwa lilisimama mlangoni, wakamteremsha kijana wa rika langu aitwaye Bakari. Alikuwa mkata miwa. Siku kadhaa nyuma alikuwa amekanyaga kisiki cha muwa kikamtoboa unyayo, akapaka majivu, akarudi kazini. Mama yake, Bi Mwanamisi, alikuwa nyuma yake amejifunga leso mbili na hasemi kitu. Bakari mwenyewe alikuwa ametoa meno yote, nyusi zimepanda juu, ananitazama.

"Ehe!" nikamwambia. "Mgonjwa gani huyu mwenye furaha ya bwana harusi?"

Hakujibu. Akaendelea kucheka. Nikamgeukia mama yake nikamwambia kwa ujuzi wangu wa miaka miwili, "Mama, huyu mzima. Ni uchovu tu. Mrudishe akapumzike."

Bahati yangu ni kwamba Bwana Elija alikuwa anapita na sinia la bandeji. Bwana Elija ndiye aliyekuwa dresa mkuu, mtu wa Rabai, mrefu, mkimya, aliyevaa kofia ya jua hata ndani ya nyumba. Alisimama, akaweka sinia chini polepole sana, akamwekea Bakari kiganja tumboni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Rashidi," akaniambia kwa sauti ya chini, "mtazame macho."

Nikamtazama. Yale macho yalikuwa yanalia.

Ndivyo pepopunda inavyoanza. Taya linafunga, uso unavutwa nyuma, na mtu aliye katika mateso makubwa anaonekana kama amesimuliwa kichekesho. Nyinyi mna bahati, mnachanjwa na mnachanja, wengine wenu mtastaafu bila kuuona uso huo. Mimi niliuona nikautania, na aibu ile sijaivua hata leo.

Bwana Elija aliwahi kuuguza watu wawili wa pepopunda. Aliniambia hivyo tukimbeba Bakari kwenda chumba cha mwisho wa kibaraza. Nikamwuliza walipona kwa muda gani. Akasema, "Hawakupona."

Sasa hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuchanganyikiwa. Miaka miwili nilikuwa nimefundishwa kwamba wodi njema ni madirisha wazi, mwanga na hewa. Bwana Elija akafunga madirisha na kuyatundikia mablanketi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mgonjwa aliyezidiwa umpapase, umsemeshe, umgeuze kila mara asije akapata vidonda vya mgongo. Bwana Elija akasema asiguswe bila sababu na asisemeshwe kabisa. Kila nilichojifunza kwa kofi na kwa kusifiwa, kwa mgonjwa huyu kilikuwa sumu. Nikamwuliza kwa nini, akasema mwili wake umekuwa kama mtego uliotegwa, ukiugusa kidogo tu unafyatuka. Sauti inaufyatua. Mwanga unaufyatua. Hata upepo wa mlango.

Tukatandika majamvi ya zamani sakafuni. Bawaba za mlango tukazipaka mafuta ya nazi. Miguu ya kitanda tukaifunga matambara. Kuku wa mpishi tukawahamisha, na mpishi akanuna siku tatu.

Kisha nikakumbuka mnazi. Ulikuwa umesimama pembeni ya chumba kile, umeinamia paa la mabati, umejaa nazi kavu. Nazi moja tu ingeanguka usiku au mchana, basi. Nikamwita mkwezi wetu, mzee mmoja mwenye matusi mengi, nikamwomba apande aziangue zote. Akapanda. Alipofika juu akanyanyua nazi ya kwanza aitupe, kama alivyotupa nazi maisha yake yote, nikamkimbilia nikipunga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki.

"Usitupe!"

"Nisitupe? Nizile huku huku?"

"Zishushe kwa kikapu. Kwa kamba. Moja moja."

Alinitazama kutoka juu kwa muda mrefu. "Dresa," akasema, "babu yangu alikuwa mkwezi. Hajapata kushusha nazi kwa kikapu kama anayeshusha bibi harusi." Lakini alizishusha, moja moja, akinong'ona matusi yake yote badala ya kuyatoa kwa sauti. Namkumbuka kwa heshima. Tukiwataja waliomsaidia Bakari huwa tunahesabu madaktari na madresa tu, lakini yule mzee naye alikuwa muuguzi siku hiyo.

Niwaambie na kazi yenyewe, maana mtasema babu anasimulia nazi tu. Mgonjwa wa namna hii kazi zake zote zifanyeni kwa mkupuo mmoja. Mpeni kwanza dawa ya usingizi, mngoje ikolee, msiwe na pupa, kisha ndipo mmwogeshe, mmgeuze, mmsafishe kinywa, mmlishe kwa mpira wa puani, mbadilishe shuka, halafu mwondoke mmwache. Mikono ipashwe joto kwanza. Na mkimshika, mshikeni sawasawa. Mguso wa kusitasita unamshtua kuliko mkono mzito. Dawa yetu ilikuwa paraldehaidi, tukiivuta kwa bomba la kioo, nayo ilikuwa na harufu inayong'ang'ania mwilini na hata sabuni haiitoi. Nilirudi nyumbani jioni moja mama yangu akanusa shati langu, akaniuliza kwa upole sana nimeanza lini kunywa tembo la mnazi.

Na ilikuwako serumu, iliyotengenezwa kwa damu ya farasi. Kabla ya kuichoma yote tulichoma tone moja chini ya ngozi na kungoja, kwa sababu wako watu ambao damu yao inaikataa na wanaweza kufa papo hapo. Bi Mwanamisi akaniuliza ni dawa gani, nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Mwanangu, ugonjwa wenyewe jina lake pepo la punda, nanyi mnaufukuza kwa farasi?" Nikaenda kumwuliza Bwana Elija nijibu nini. Akasema, "Mwambie wanafahamiana."

Hayo ya dawa niliyamudu. Kilichonishinda ni adabu.

Nyinyi mnaotoka bara pengine mtaona ni jambo dogo. Sisi watu wa pwani ya kusini mtoto hujifunza kuamkia kabla hajajifunza kufunga kikoi. Mtu akibisha hodi unaitika. Mkubwa akiingia unasema shikamoo, hata kama umebeba maji ya moto. Na mjomba, kwetu Wadigo, si mtu wa kufanyiwa mchezo. Mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake.

Siku ya pili niko ndani ya kile chumba namlisha Bakari maziwa kwa mpira, kimya, natoa jasho, mlango ukafunguka. "Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya shamba. Alikuwa mjomba wake Bakari. Kinywa changu kikafunguka kabla akili haijafika.

"Karibu, mjomba! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu! Mgonjwa hajambo?"

Alipofika kwenye "hajambo" Bakari alikuwa amekwisha kukakamaa. Mgongo ulipinda mpaka kichwa na visigino tu ndivyo vilivyogusa kitanda. Mpira ukachomoka, maziwa yakanimwagikia, uso wake ukabadilika rangi, na pumzi haikuja. Nilimshika kichwa nikamgeuza ubavu maziwa yasimwingie mapafuni, nikaomba kila dua niliyowahi kufundishwa katika chuo cha Kurani. Pumzi ilirudi. Mjomba alikuwa amekwisha kutoka. Viatu vyake aliviacha.

Bwana Elija alinikuta nimekaa kwenye ngazi najifuta maziwa. "Rashidi," akasema, "unataka kumwua mgonjwa kwa adabu?"

"Ni mjomba mtu, Bwana Elija. Ningenyamazaje?"

"Sijui ungenyamazaje. Mdigo ni wewe."

Nilifikiri mpaka nikapata njia, na nilijivuna sana nayo. Mwisho mwingine wa kibaraza, karibu na jiko, niliweka benchi. Kila aliyekuja kumtazama Bakari alikaa pale kwanza. Hapo tulimaliza kila kitu: sabalkheri, habari za nyumbani, za shamba, watoto hawajambo, mvua imenyesha, mbuzi amezaa. Mtu akishatoa salamu zote alizokuja nazo, ndipo anavua viatu, anaingia, anaweka mkono kifuani badala ya salamu, anasimama kidogo na kutoka. Watu wawili kwa zamu. Bikizee mmoja aliniambia, "Hospitali gani hii, mwanangu, mtu anaingia kwa mgonjwa kama mwizi?" Nilikuwa naona haya, lakini Bakari hakukakamaa kwa sababu ya mgeni tena, na daktari alipokuja Alhamisi alilitazama benchi langu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Mwanamisi ndiye aliyeruhusiwa kukaa ndani. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mchana kutwa gizani, haongei, hakohoi. Alikuwa na tasbihi. Siku ya tatu nikasikia punje zikigongana, tik, tik, nikaona kope za Bakari zinacheza. Nikamwendea nikanyoosha mkono. Akanitazama, akanipa tasbihi yake bila neno, akaendelea kuhesabu kwa vifundo vya vidole. Nilitoka na ile tasbihi mfukoni nikiwa sijui kama mimi ni muuguzi au jambazi. Nilimnyang'anya mama wa mgonjwa tasbihi yake, wajukuu zangu, na ilikuwa sawa kufanya hivyo, na sikuweza kula mchana ule.

Siku zikaenda. Leo anakakamaa mara kumi, kesho mara tatu tunafurahi, keshokutwa ishirini. Huwezi kujua unafanya vyema au vibaya. Siku niliyofanya kila kitu kama kilivyoandikwa ndiyo aliyozidiwa, na siku niliyoangusha beseni mlangoni mwake hakustuka. Nilimwuliza Bwana Elija maana yake nini. Akasema akijua atanieleza.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatatu. Baada ya sala ya adhuhuri Bakari alikakamaa mfululizo, moja haijaachia nyingine inashika. Midomo ikawa ya buluu. Tulimchoma dawa, akatulia kidogo, kisha ikaanza upya. Jasho lililowesha shuka mpaka tukaikamua. Ilipofika alasiri alikuwa amelala kama nguo iliyofuliwa, pumzi fupi za juu juu. Daktari yuko Mombasa. Nilisimama mlangoni na Bwana Elija nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu hafiki kesho."

Bi Mwanamisi aliinuka kwenye mkeka wake, akanionyesha kwa mkono nitoke nje. Tukasimama kibarazani. Mwangani nikaona jinsi alivyokonda kwa siku hizo tisa.

"Rashidi mwanangu," akasema, "mimi sikukupinga. Uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Ulitaka tasbihi, nikakupa. Sasa nakuomba kimoja. Mtoto wa Kiislamu haondoki hivi hivi. Niache nimtamkie shahada sikioni."

"Mama, sauti yako huenda ikamletea ile ya kukata pumzi. Hali yake unaiona. Ikija nyingine kubwa hataiweza."

"Naiona."

"Ukisema, unaweza ukamwua kwa kinywa chako."

"Na nisiposema, akafa?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. "Nitasema nini mimi mbele ya Mola wangu? Kwamba dresa alikataa?"

Mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu wa chuo. Baba yangu aliwatamkia shahada watu wangapi katika mtaa wetu, nami nikiwa nimeketi mlangoni nasikia. Nilijua anachoomba si ushirikina na si kelele. Na nilijua mkakamao unavyomla mtu. Nikikubali, huenda namwua. Nikikataa na akafa, nimemfungia mlango mtu ambaye hawezi hata kufungua kinywa ajisemee. Kitabu cha uuguzi hakikuwa na ukurasa wa jambo hilo. Nilimwomba Bi Mwanamisi anisubiri, nikakimbilia kwa Bwana Elija jikoni alikokuwa anachemsha mabomba ya sindano.

Nilimweleza. Alinisikiliza bila kuacha kutazama sufuria.

"Rashidi, mimi mtu wa kanisa," akasema. "Nikikuambia kataa, kesho utasema ni kwa kuwa mimi Mkristo. Nikikuambia kubali, na yule mtoto akafa, utasema nilikuwa nakuogopa. Hili silikuamulii."

"Basi nifanyeje?"

"Umekuja kuniuliza mimi na hii sufuria. Mgonjwa umemtazama?"

Nilirudi nikiwa nimemkasirikia. Niliona amenitupa. Niliingia chumbani, nikakaa ukingoni mwa giza, nikamtazama Bakari kama vile sijapata kumwona. Dawa aliyochomwa ilikuwa imekolea kidogo. Nikaupasha mkono wangu joto kwapani, nikamshika kifundo cha mkono sawasawa. Mapigo yalikuwa mengi lakini yapo. Nikaona kitu kimoja: kila nilipovuta pumzi karibu naye, kope zilicheza. Kumbe si sauti tu. Pumzi ya mtu sikioni ingeweza kumfyatua kabla ya neno.

Sikuamua, wajukuu zangu. Ningependa kuwaambia niliamua. Nilijikuta tu nimetoka nikamwambia Bi Mwanamisi akunje ncha ya leso mara nne, aiweke mbele ya kinywa, apige magoti upande wa kichwani, aseme taratibu kuliko anavyojisemea mwenyewe moyoni. Nikaandaa bomba la dawa. Nikamshika Bakari mabega.

Alisema. Sikusikia neno hata moja, niliona leso tu ikitikisika. Alisema mara tatu, akasimama, akaniangalia, akatoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na kilio chake kilikuwa na sauti.

Kutoka jicho la kushoto la Bakari likashuka chozi. Kisha vidole vikajikunja. Kisha ikaja.

Ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilimchoma sindano huku nikisema kwa moyo, nimemwua, nimemwua, nimemwua mtoto wa watu. Kifua kilisimama. Bwana Elija alikuwa amekwisha kuingia, sijui saa ngapi, akamshika taya. Tukahesabu. Sikumbuki tulihesabu mpaka ngapi, nakumbuka kofia ya Bwana Elija ilianguka kitandani na hakuna aliyeiokota. Halafu kitu kikaachia, kama kamba ikatwapo, na pumzi ikaingia na mkoromo. Akalala. Alilala mpaka jua likatua, na usiku, na asubuhi akakakamaa mara mbili tu, ndogo.

Alhamisi daktari alimpima, akatoka nje ameshangaa. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Hivyo hivyo vipi? Nilisimama pale nikitaka kumwuliza. Alipata nafuu kwa serumu au kwa shahada? Kwa kimya changu au kwa sauti ya mama yake? Au ugonjwa ulikuwa umefika kileleni ukaanza kushuka wenyewe, na sisi sote tulikuwa tunajisumbua? Sikumwambia habari ya leso. Niliandika kwenye daftari kwamba mgonjwa ana nafuu.

Wiki ya nne tulianza kufungua dirisha, kiasi cha shubiri moja, kesho yake mbili. Mablanketi tukayatoa. Tulianza kuongea kwa sauti ndogo ya kawaida. Taya la Bakari lililegea kidogo kidogo na asubuhi moja nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, mama yake yuko kwenye mkeka wake, Bakari akasema, maneno yakitoka kwenye meno yaliyokaribia kugusana, "Uji hauna sukari."

Nilicheka mpaka nikamwaga. Mkata miwa, na uji hauna sukari. Nikamwuliza, "Siku zile zote, Bakari, ulikuwa unasikia?"

"Kila kitu," akasema. "Nilisikia kikapu cha nazi kikigonga ukuta. Nilikusikia wewe ukimwambia Bwana Elija sifiki kesho."

Kijiko kilibaki hewani. Nikaanza kumwomba radhi.

"Hilo si kitu," akasema. Alipumzika, kusema kulikuwa kunamchosha. "Nilikuwa nawasikia wote kule benchini. Mnaamkiana. Watoto hawajambo, mbuzi amezaa. Kisha mtu anaingia. Najua ameingia, namsikia anavyopumua. Nangoja. Hasemi kitu. Anatoka. Mjomba, shangazi, wote. Nikajiuliza nimewakosea nini watu. Hata makaburini mtu akipita husalimia."

"Walikuwa wanaweka mkono kifuani," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaagiza. Ilikuwa ndiyo salamu yenyewe."

"Katika giza lile?" akaniuliza Bakari. "Ningeuona wapi mkono?"

Benchi langu nililojivunia. Nilipanga salamu za kila mtu pale kibarazani, nikamsahau anayesalimiwa.

"Kisha siku ile mama akaja karibu," akaendelea. "Nikamjua kwa harufu ya leso. Nikafurahi, nikasema sasa mama atanisalimu. Akaja na shahada. Niliitamka moyoni, alhamdulillahi. Lakini ndipo nilipojua kwamba nakufa. Kabla ya hapo nilidhani naumwa tu. Nikangoja, labda akimaliza ataniambia hujambo Bakari. Akatoka."

Nilimgeukia Bi Mwanamisi. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atalia, nikajiandaa kumtuliza. Aliinuka, akajitanda leso yake vizuri kichwani, akavaa viatu, akatoka nje akaufunga mlango nyuma yake. Nikasikia hatua zake zikienda mpaka mwisho wa kibaraza, kwenye benchi, kisha zikirudi.

"Hodi!"

Kwa sauti yake yote. Mwezi mzima sikuwa nimesikia sauti ya mtu ikigonga kuta za chumba kile. Mwili wangu wote ulikaza nikamdaka Bakari mabega, nangoja mgongo upinde. Haukupinda.

"Karibu, mama," akasema Bakari.

"Hujambo, Bakari mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje? Unaendeleaje? Mguu je? Umelala?"

Alimwuliza yote, akajibiwa yote, na walipomaliza nikadhani ataketi. Hakuketi. Alitoka tena, akafunga mlango, akaenda mpaka benchini, akarudi.

"Hodi!" akabisha. "Hiyo ilikuwa ya siku ya kwanza. Hii ni ya siku ya pili, mpaka nifike ya tisa, siku ile ya shahada."

Mimi nimesimama na bakuli la uji, sijui nimzuie au nimfungulie, sijui nacheka au nalia. Kanuni ilikuwa bado ni kimya, daktari hajaiondoa, na nilikuwa dresa wa zamu. Alipobisha hodi ya siku ya tatu Bakari alikuwa amechoka na jibu lake halikufika mlangoni. Ndipo Bwana Elija akatokea jikoni, kofia mkononi, akampita mama mlangoni, akaingia, akamwitikia kutoka ndani kwa niaba ya Bakari.

"Karibu, Bi Mwanamisi," akasema. "Karibu. Zimebaki sita."